Wiki 12 kwenye kituo cha tiba ya umetaboli: tathmini ya fundi cherehani aliyekuwa kwenye kemo

Mimi ni fundi wa kushona nguo, na vidole ndivyo vilivyonipeleka kwenye kituo hiki. Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, hatua ya tatu, yaani tezi za limfu za jirani zilikuwa zimeshaguswa. Kidonda kilipopona nikaanzishiwa kemo: dripu ya oksaliplatini siku ya kwanza, kisha vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, halafu wiki moja ya kupumzika, na kurudia hivyo mara 8. Baada ya mzunguko wa pili nilishika mkasi asubuhi, chuma kikiwa bado na baridi ya usiku, nikauachia papo hapo. Ilikuwa kama kushika waya wa umeme. Oksaliplatini huchokoza mishipa ya fahamu, na baridi huiamsha. Wauguzi walikuwa wameniambia, lakini kuambiwa na kushika mkasi ni vitu viwili.

Nilikuwa naogopa ganzi ikija kukaa moja kwa moja nitaishije. Mtu akiogopa hivyo, husikiliza kila anayemwambia "ipo njia nyingine ya kusaidia." Mdogo wangu akaniletea habari za kituo kinachojiita cha tiba ya umetaboli, yaani kinachoshughulika na namna mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu. Nikajiandikisha kabla ya mzunguko wa tatu, nikamaliza wiki zote 12. Jina lake silitaji. Ninayoandika hapa yatamfaa yeyote anayefikiria kujiunga na programu ya aina hii popote, maana nimeshaongea na wagonjwa wa vituo vingine na mpangilio unafanana sana.

Unapewa mashine ndogo ya kupima, kwa tone la damu, sukari na ketoni (kemikali ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari), chupa sita za virutubisho, daftari la chakula, kikao na mtaalamu wa lishe kila wiki, mazoezi mara mbili kwa wiki, akupancha (tiba ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini) mara moja, na darasa la pamoja siku ya Jumamosi. Dripu ya vitamini C ni ya ziada kwa anayetaka.

Nianze na fomu ya kwanza, kwa sababu kila kilichonisumbua baadaye kilianzia pale. Ilikuwa na kurasa nne. Waliuliza nalala saa ngapi, nilinyonyeshwa nikiwa mtoto au la, nina msongo kiasi gani, napenda vitu vitamu kiasi gani. Hapakuwa na mahali pa kuandika majina ya dawa ninazotumia. Kulikuwa na kiboksi kimoja tu: "Je, upo kwenye kemo? Ndiyo/Hapana." Nikatia alama ya ndiyo, tukaendelea. Wakati ule sikuona kasoro. Leo ningesimama palepale.

Darasa la Jumamosi ya kwanza lilikuwa zuri, na nataka kulitendea haki. Mwalimu alieleza kwamba katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Kijerumani Otto Warburg aliona seli za uvimbe zinavyobugia glukosi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapotosha. Hilo ni kweli, na hospitali zinalitumia kila siku: kipimo cha PET hufanya kazi kwa kukudunga glukosi iliyotiwa chembe ya mionzi, halafu sehemu zinazoila kwa pupa zinang'aa kwenye picha. Mwalimu alikosea jambo moja, alisema Warburg alipewa Nobel kwa ugunduzi huo wa saratani. Nobel yake ya 1931 ilihusu kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Kosa dogo, na nisingelitaja kama lisingekuwa linarudiwa kila Jumamosi ili kuyapa uzito maneno yaliyofuata: ondoa sukari, kansa itakufa njaa.

Hapo ndipo mashine yao wenyewe ilinifundisha kuliko wao. Wiki ya tatu nilikuwa nimekaa saa 36 bila kula chochote, maji tu. Nikajichoma kidole, nikasubiri. Ketoni 3.2, na mtaalamu wa lishe akafurahi sana. Lakini sukari ilikuwa 4.1, bado ya kawaida. Nikamuuliza, "Hii imetoka wapi, na mimi sijala tangu juzi jioni?" Akasema mwili unajirekebisha. Jibu kamili nililipata kwa daktari wangu wa saratani: ini hutengeneza glukosi lenyewe, kutokana na protini na mafuta ya mwili, kwa sababu ubongo na chembe za damu haziwezi kuikosa. Sukari ya damu haifiki sifuri kwa mtu aliye hai. Na uvimbe wenyewe hauna chakula kimoja, seli nyingi za saratani hutumia glutamini, moja ya viini vya protini, nyingine hutumia hata mafuta. Wazo la kuzibana kwa njaa linafanyiwa utafiti wa kweli na watu makini, na lishe ya keto, yaani ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, ina historia ndefu ya heshima kwenye kifafa, tangu 1921. Kwenye saratani majaribio yaliyofanyika ni madogo, mengi ya uvimbe wa ubongo, na yameonyesha kwamba baadhi ya watu wanaweza kuifuata. Kwamba inawaongezea maisha, hilo halijathibitishwa. Darasani yote mawili yalisemwa kwa sauti moja.

Sasa uzito. Nilianza nikiwa na kilo 61. Wiki ya tano nilikuwa na 56. Kituoni waliiandika kwenye chati kwa kalamu ya kijani, rangi ya mafanikio. Mimi niliisoma kwenye futi. Gauni langu la kazini nililipunguza kiunoni wiki ya tatu, sentimita 2 kila upande, nikalipunguza tena wiki ya tano, na mara ya pili nilipolivaa nikaona mabega nayo yamelegea. Kwa miaka yote niliyoshona, mteja anayepungua kiuno peke yake mimi humpongeza. Anayepungua mabega na mikono ya juu kwa wiki chache, huwa namuuliza kama anaumwa. Nikasimama mbele ya kioo cha wateja na futi mkononi, nikajiuliza swali lilelile.

Kilichokuwa kinaondoka ni misuli. Mwongozo wa lishe ya wagonjwa wa saratani wa ESPEN, chama cha Ulaya cha lishe ya tiba, unataka mgonjwa apate kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana ifike gramu 1.5. Mimi, siku za kufunga ukizitoa, nilikuwa nakula kama nusu ya hiyo. Tena kipimo cha kemo hukokotolewa kwa ukubwa wa mwili, kwa hiyo kilo 5 si suala la gauni tu. Daktari alipoona uzito kwenye mizani yake aliniuliza mara mbili kama natapika. Nilikuwa sijamwambia kuhusu kituo. Nikamwambia siku hiyo.

Kufunga kwenyewe kulikuwa kumepangwa siku tatu: siku moja kabla ya dripu, siku ya dripu, na siku inayofuata. Ukutani walibandika habari ya utafiti wa Uholanzi wa 2020, wanawake 131 wenye saratani ya matiti, takriban nusu yao wakipangiwa mlo mdogo sana kuzunguka siku ya kemo. Utafiti huo upo na ni wa maana. Picha zilionyesha uvimbe wa waliopangiwa mlo ule ukiitikia dawa vizuri zaidi. Lakini idadi ya waliopoteza uvimbe kabisa haikutofautiana, madhara ya kemo hayakupungua, na takriban mmoja kati ya watano tu ndiye aliyeweza kumaliza mizunguko yote ya mlo ule. Hayo hayakubandikwa. Na jambo lililonihusu mimi hakuna aliyelifikiria: dawa za wale wanawake ziliingia kwa mshipa. Mimi nilikuwa na vidonge. Kapesitabini inatakiwa kumezwa ndani ya dakika 30 baada ya kula. Imeandikwa kwenye boksi, imeandikwa kwenye karatasi ya ndani, na nesi alinichorea duara kuzunguka maneno hayo. Nilimuuliza mtaalamu wa lishe nifanyeje jioni ya dripu, nikiwa nimefunga na vidonge vinanisubiri. Akanijibu, "Mama, we meza na maji tu, haina shida."

Nilimeza na maji. Mizunguko miwili.

Kisha zile chupa sita. Baada ya mzunguko wa nne viganja vyangu vilikuwa vyekundu kama nimevichovya kwenye maji ya moto, ngozi ya nyayo inachubuka, vidonda mdomoni, na tumbo linaendesha mara sita kwa siku. Kapesitabini inaweza kufanya haya yenyewe, lakini ya kwangu yalipanda ghafla. Nikaenda hospitali na mfuko wa chupa zote. Mfamasia, kijana mpole, akazipanga mezani moja moja, akawa anasoma maandishi ya nyuma kwa kidole. Kwenye ya tatu akasimama. Ilikuwa na asidi ya foliki, mikrogramu 1,000 kwa siku. Akasema kwa utulivu kabisa, "Hii, dada, inaongeza ukali wa dawa unayomeza. Nani alikuambia uzitumie pamoja?" Akaiweka pembeni, pamoja na ya bizari ya manjano iliyokolezwa, kwa sababu inaweza kulichosha ini na kuongeza hatari ya kuvuja damu. Zile za kuzuia oksidi akasema niziache mpaka kemo iishe, maana upo ushahidi wa kutia wasiwasi kwamba wanaozimeza wakati wa kemo hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Nilibakiwa na chupa moja, ya vitamini D, nayo kwa sababu damu yangu ilionyesha upungufu. Dawa ikasimamishwa kwa wiki moja zaidi ya mapumziko ya kawaida, ikarudishwa kwa kipimo kilichopunguzwa.

Siwezi kuthibitisha kwamba chupa ile ndiyo iliyoniunguza viganja. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu anayeuza virutubisho kwa mgonjwa wa kemo na hajui jina la kemo yake anacheza na mwili wa mtu.

Kama ningeishia hapo, ingeonekana kituo kizima ni kibaya, na isingekuwa kweli. Sasa niwaeleze kuhusu kocha wa mazoezi.

Siku ya kwanza hakuniambia nikimbie. Aliweka kiti katikati ya chumba akasema, "Dada, kaa, halafu simama bila kushika." Nikafanya mara sita, nikahema. Akaandika 6. Wiki ya 12 nilifanya mara 19. Akanipa utepe wa mpira wa kuvuta kwa mikono, akaupasha kwanza kwa viganja vyake kwa sababu alishajua baridi inanifanyia nini. Kila alipoona nimechoka alipunguza, hakufuta. Siku niliyofika nikiwa na kizunguzungu alinipima presha, akaniketisha, akanirudisha nyumbani na mtu wa kunisindikiza. Kutembea alinianzia dakika 10, tukafika 40. Yeye ndiye aliyeona misuli ya mapaja inapungua kabla ya mtu mwingine yeyote pale, akamwambia mtaalamu wa lishe mbele yangu kwamba hawezi kujenga nyumba huku mwenzake anabomoa tofali. Hakusikilizwa. Nilisikiliza mimi.

Na hapa ushahidi ni mzito. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE, watu 889 waliokwishafanyiwa upasuaji na kumaliza kemo ya saratani ya utumbo mpana, ugonjwa wangu huuhuu. Nusu walipewa mwalimu wa mazoezi kwa miaka mitatu, nusu wakapewa kijitabu cha ushauri. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 80 kwa wenye mwalimu, 74 kwa wenye kijitabu. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai walikuwa asilimia 90 dhidi ya 83. Niliyasoma haya nikalia, kusema ukweli. Ni watu 7 katika kila 100, na dawa yenyewe ni kutembea huku kuna mtu anayekungoja na kukuuliza jana ulitembea. Ajabu ni kwamba kwenye kipeperushi cha kituo mazoezi yamepewa mistari miwili mwishoni, baada ya dripu na mashine ya ketoni.

Akupancha nayo naitetea, kwa kiasi. Yule bwana alikuwa mtu pekee kituoni aliyeuliza majibu ya damu yangu kabla ya kunigusa. Alitaka kuona chembe sahani na chembe nyeupe, kwa sababu sindano kwa mtu ambaye damu yake haigandi au kinga yake imeshuka si mchezo. Wiki moja chembe nyeupe zilikuwa chini, akakataa kunitibu na hakunitoza. Ganzi haikuondoka kwa sindano zake, naye hakuniahidi kwamba itaondoka. Kichefuchefu kilipungua siku za baada ya dripu na usiku wake nililala. Baadaye nilikuta kwamba miongozo ya madaktari wa saratani ya 2022 inaikubali akupancha kwa baadhi ya maumivu, hasa ya viungo kwa wanawake wanaomeza dawa za homoni za saratani ya matiti.

Dripu ya vitamini C sikuikubali. Walinishawishi wiki nne mfululizo, gramu 50 kwa mkupuo, na kila mara walimtaja Linus Pauling, mkemia maarufu wa Marekani. Ni kweli Pauling na daktari Ewan Cameron waliandika mwaka 1976 wakiisifia. Ni kweli pia hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani waliipima 1979 na 1985 kwa vidonge wakaona haisaidii. Watetezi husema kwa mshipa ni tofauti, kwamba damu hupata kiwango kikubwa mno kuliko kwa kumeza, na hilo ni sahihi. Basi China walifanya hivyo, kwa mshipa, wagonjwa 442 wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, pamoja na kemo, matokeo yakatoka 2022: ugonjwa haukucheleweshwa zaidi ya kwa waliopata kemo peke yake. Niliuliza kama wananipima G6PD kwanza, kwa sababu mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho anaweza kuvunjika chembe nyekundu akiwekewa dripu hiyo. Nesi alikwenda kuuliza, akarudi akasema kipimo kipo "kwa wanaotaka." Jambo la namna hiyo haliachiwi mgonjwa achague. Tena baadhi ya mashine za sukari za nyumbani huisoma vitamini C kama sukari, kwa hiyo namba unayopata baada ya dripu inaweza kuwa ya uongo. Kituo kinauza vyote viwili chumba kimoja.

Kuna mwanamke tuliyekaa naye darasani, mdogo kwangu kwa umri, mwenye uvimbe wa titi uliogunduliwa mapema. Kipeperushi kinasema kituo hakipingani na hospitali. Lakini Jumamosi baada ya Jumamosi ukisikia kwamba kemo "inaua majani na kuacha mzizi," unaelewa unachoelewa. Aliacha hospitali. Mimi nilimpigia simu jioni tatu mfululizo. Nilimsomea kuhusu utafiti wa 2018 wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani: wagonjwa 281 wenye saratani ambazo hazijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake, walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa kawaida, na kwa saratani ya matiti ilizidi mara 5. Alirudi hospitali baada ya miezi minne. Uvimbe ulikuwa umekua, ikabidi aanze na kemo kabla ya upasuaji. Yuko kwenye matibabu sasa. Nikimwona namshika mkono, hatuliongelei.

Nikiulizwa nyota, kocha na bwana wa akupancha nawapa tano. Chakula, chupa na dripu nawapa moja, na hiyo ni ya mashine kwa kunionyesha 4.1. Kwa anayejiunga: mpe daktari wako orodha ya kila unachopewa siku hiyohiyo, na ukipungua hata kilo 2 usisubiri mtu akuandikie kwa kalamu ya kijani. Mwenye kapesitabini au dawa yoyote ya kumeza na chakula asikubali ratiba ya kufunga kabla haijapita mikononi mwa mfamasia wa hospitali.

Nilimwandikia mkuu wa kituo barua ya kurasa mbili, nikaambatanisha picha ya chupa ya tatu. Hakunirudishia fedha za virutubisho. Bado naenda mazoezini Jumanne na Alhamisi, nalipia hilo peke yake. Kemo nimemaliza. Mkasi nashika bila kuruka, ila vidole viwili vya mkono wa kulia bado havihisi ncha ya sindano, kwa hiyo navaa subana hata kwa pindo jepesi. Jumanne iliyopita niliomba mapokezi wanionyeshe fomu wanayowapa wageni siku hizi. Sehemu ya majina ya dawa ipo, mistari mitatu, ukurasa wa kwanza. Mahali pa kuandika namba ya simu ya daktari wa mgonjwa bado hapajawekwa, na nimewaachia karatasi nyingine ya kuwaomba waweke.